Saini ya Saa Nne

Kila mwaka vyuo vinapokaribia kufunguliwa, simu yangu haipumziki. Mtu wa kazini ana mdogo wake aliyepata nafasi, jirani yangu wa hapa Kihonda ana binti, mama mmoja wa kanisani ana kijana anayetoka Kahama na hajawahi kufika Morogoro. Wote wanajua kwamba nilisoma hapa na sikuondoka, kwa hiyo wanadhani ninajua. Wananiomba nimpe mtoto maneno mawili matatu. Mimi ni mtu wa kupanga vitu, na maneno yenyewe nimeshayapanga zamani. Ninayatoa kwa mfuatano uleule, kama nesi anavyotaja dozi dirishani.

Ninaanza na godoro. Nunua godoro zuri kabla ya simu mpya. Bumu likishaingia, yaani ile hela ya mkopo ya kujikimu, darasa zima litakuwa na simu mpya na nusu yao watakuwa wanalala juu ya sponji nyembamba kama chapati, na anayelala vibaya hasomi. Kodi ya chumba lipa siku hiyohiyo, miezi mingi kwa mpigo, kabla akili yako haijajua kwamba una hela. Pika na mwenzako mmoja, si watatu. Wakiwa wengi kazi inakuwa kuulizana nani kamaliza mafuta. Madesa, yale makaratasi ya maswali na majibu yanayorithiwa mwaka hadi mwaka, yasome, lakini yasome baada ya kitabu, kwa sababu desa linakwambia mwalimu aliuliza nini na wewe unataka kujua atauliza nini. Nenda ofisini kwa mwalimu wiki ya tatu, ukiwa huna shida, ili wiki ya kumi na mbili ukiwa nayo asikuulize wewe ni nani. Usiku wa kuamkia mtihani, lala.

Mwaka huu aliyekuja ni mtoto wa dada yangu, msichana mwenye haraka, aliyenisikiliza huku akiandika kila kitu kwenye simu yake. Nilipomaliza na godoro, kodi na mengine yote, aliinua uso.

"Mama mdogo, na kusainiana je? Waliotutangulia wanasema ukiwa na mtu wa kukusainia umepona."

Nikamwambia asithubutu. Akataka kujua kwa nini. Nikasema ni kosa, na nikaona anavyonitazama: mtu mzima anayesoma kibao cha barabarani.

"Kosa lipi? Si unamsaidia mwenzako?"

Nilinyanyuka nikasema naenda kutazama maharage yasiungue. Maharage yalikuwa bado hayajachemka.

Nilichoshindwa kumwambia siku ile ndicho hiki.

*

Mwaka wa pili wa chuo nilipanga chumba Bigwa na msichana tuliyejuana kwenye maabara ya udongo. Mimi ni mtu wa Singida, wa tambarare. Milima nilizoea kuiona kwenye kalenda. Yeye alitoka Matombo, upande wa pili wa milima ileile iliyokuwa inatuchungulia dirishani. Tulikuwa tunasomea kilimo wote wawili, lakini si kwa namna moja. Siku moja mwalimu alipitisha vikopo vitano vya udongo akatutaka tukisie vimetoka wapi. Sisi tulikimbilia vitabu. Yeye alitia kidole, akasugua, akanusa, akasema kopo la tatu limetoka mteremkoni, chini ya migomba, na mwenye shamba hajakata ngazi za kuzuia mmomonyoko. Mwalimu alicheka. Kisha akatazama karatasi yake, na kicheko kikaisha.

Chumba chetu kilikuwa cha uani, kwa mama mwenye nyumba aliyefuga kuku na kuuza barafu. Tulikuwa na jiko la gesi la mdomo mmoja, ndoo tatu, meza moja, na juu ya meza ratiba niliyoichora kwa rangi: nani apike lini, nani ateke maji, somo gani lisomwe saa ngapi. Mwenzangu aliifuata, lakini hakuacha kuicheka. Alikuwa anasema, "Wewe shoga ukifa, tutakuta umeacha ratiba ya mazishi yako, na mimi umenipangia kukaanga vitumbua."

Kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Hilo nililijua kwake, kidogo kidogo, wakati wa kumenya vitunguu. Shamba la migomba, mashina ya pilipili manga yaliyopanda kwenye miti, na nyumba yenyewe, vyote vilikuwa vya mama yake, na kabla ya hapo vya bibi yake mzaa mama. Alikuwa na kaka wawili Dar es Salaam, lakini hata wangekuwa pale mlangoni, shamba lisingekuwa lao; wao kazi yao ni kuwa wajomba. Binti alikuwa yeye peke yake. Alilisema hilo bila majivuno na bila kulalamika, kama mtu anayekutajia kundi lake la damu.

Muhula ule ulikuwa na wiki tatu tu tangu uanze mjomba wake alipopiga simu. Alikuwa mtu wa maneno machache. Mama kaanguka shambani, mkono na mguu wa kulia havitii, mdomo umekwenda upande. Kaka wametuma hela. Mkono wa kumgeuza haupo.

Mwenzangu alikaa kitandani akifunga kamba za viatu. Nakumbuka alifunga kimoja, akafungua, akafunga tena.

"Nisainie Ijumaa tu," alisema. "Jumatatu nitakuwepo."

"Nenda," nikamwambia. "Mimi nipo."

Asiyesoma kwenye kumbi kubwa huenda hajui jambo lenyewe lilivyo dogo. Karatasi ya mahudhurio ina majina yaliyochapwa, namba za usajili, na kisanduku cha saini. Inaanzia mbele, inapita benchi kwa benchi, inarudi kwa kiongozi wa darasa, naye anaipeleka ofisini. Mwalimu haiangalii, anatazama ubao. Karatasi ikifika kwako unasaini jina lako, na kama una mtu, unamsainia na yeye. Hakuna aliyeona haya. Mtu mmoja kutoka benchi la nyuma alikuwa anasainia wanne, na tulikuwa tunamwita ofisi ya posta. Mwanafunzi aliyekataa kusainia wenzake aliitwa mnoko, na mnoko haazimwi kikokotoo, haambiwi chumba cha somo kimehamishwa wapi, na kazi ya kikundi ikitolewa anabaki anatafuta kikundi. Mahudhurio yakipungua sana mtu anazuiwa mtihani, kwa hiyo kumsainia mwenzako tulikuona kama kumfungulia mlango ambaye mikono yake imeshika ndoo.

Mimi nilisainia vizuri, kwa sababu kila kitu nilikifanya vizuri. Nilikuwa na kalamu mbili, ya bluu kwa jina langu na nyeusi kwa jina lake. Herufi ya kwanza ya saini yake ilikuwa na mkia unaorudi chini ya nyingine zote, na nilijifunza ule mkia mpaka nikaupiga bila kutazama. Karatasi ilipopita, nilisaini langu, nikaipeleka kwa jirani, kisha nikaiomba irudi kana kwamba nimesahau kitu, nikasaini lake. Hivyo wino ulikauka kwa nyakati tofauti. Hakuna aliyenifundisha. Ndivyo nilivyokuwa.

Jumatatu alirudi, lakini Alhamisi alikwenda tena, na ule ukawa mtindo. Anapanda Alhamisi mchana baada ya maabara, anateremka Jumatatu jioni, baadaye Jumanne, viatu vimejaa udongo mwekundu na mfuko wa plastiki una ndizi na mdalasini wa kumpa mama mwenye nyumba. Alikuwa anasoma hukohuko, akigeuza ukurasa na kumgeuza mama. Nilimwekea nakala za kila somo, nimezipanga kwa tarehe. Jina lake niliandika kwenye kazi za vikundi. Siku mwalimu mmoja alipoamua kuita majina kwa sauti, niliitika mara mbili, ya pili nikiwa nimeinama kuokota kalamu.

Kiongozi wa darasa aliniuliza mara moja tu. "Mwenzako mbona simwoni?" Nikamjibu kwamba yupo, anakaa nyuma siku hizi. Akaridhika. Kwenye karatasi zake mwenzangu alikuwepo kweli, kuliko hata kiongozi mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotaka mtu aangalie. Mahali pa kuomba msaada palikuwepo: ofisi ya mlezi wa wanafunzi, mama mmoja mwenye miwani ya kamba, ambaye kazi yake ilikuwa kusikiliza mambo ya aina hii hasa. Mwanafunzi mwenye mgonjwa nyumbani anaweza kuahirisha mwaka. Anapeleka barua ya zahanati na barua ya mtendaji wa kijiji, anakwenda kuuguza, mwaka unaofuata anarudi palepale alipoachia. Mwenzangu angekwenda wiki ya nne angekubaliwa. Lakini wiki ya nne hakuona sababu. Masomo yalikuwa yanakwenda, mahudhurio yamejaa, nakala ziko mezani. Mimi nipo.

Wiki ya tisa kulikuwa na jaribio la takwimu Jumatano, saa mbili asubuhi. Alitakiwa ateremke Jumanne. Jumanne jioni hakufika na simu yake haikupatikana, jambo ambalo halikunishtua, maana kwao mtandao unapatikana ukisimama kwenye jiwe fulani. Jumatano nilifanya jaribio nikiwa natazama mlango. Hakuja. Nilitoka nikiwa na uchungu kwa niaba yake. Saa nne tukaingia ukumbi mwingine, sayansi ya udongo, somo alilolipenda kuliko yote. Karatasi ikanifikia. Nilijiambia kwamba lile la asubuhi kalikosa na siwezi kulirudisha, basi angalau hili asilikose. Nikatoa kalamu nyeusi. Naamini ule mkia haukuwahi kunitoka vizuri kama siku ile.

Kumbe usiku wa Jumanne mama yake alikuwa amepaliwa na uji, kifua kikajaa, wakambeba kwenye machela ya miti hadi zahanati. Wakati mimi nasaini, mwenzangu alikuwa ameshika kichwa cha mama yake ili apumue.

Aliporudi wiki iliyofuata alikuwa amekosa majaribio mawili, lile la takwimu na jingine la Ijumaa ileile, na bila majaribio hakuna alama za kukuingiza kwenye mtihani. Asiyeingia kwenye mtihani bila ruhusa anadisko, yaani anaondolewa chuo. Sasa ndipo tukakumbuka ofisi ya mlezi. Akapeleka maombi ya kuahirisha mwaka, na barua zote mbili zina muhuri. Akaitwa mbele ya kamati.

Nilimsubiri chumbani. Nilipika wali, nikaufunika. Alipoingia alivua viatu, akavipanga pembeni ya mlango, akakaa.

Alinisimulia kwa utaratibu, kama anasoma. Walikuwa watu wanne na hawakuwa wakali. Mmoja alisoma barua ya zahanati inayosema kwamba Jumatano ile alikuwa na mgonjwa tangu alfajiri. Kisha akavuta karatasi nyingine. Akasema jaribio la takwimu saa mbili hukufanya, lakini saa nne siku hiyohiyo umesaini sayansi ya udongo. Akazigeuza karatasi za wiki zote, na katika zote yupo. Akasema hapa kuna karatasi mbili, na moja inasema uongo. Sisi ya kwetu tunaijua ilikotoka. Wakaona ni mwanafunzi aliyekuwepo chuoni, akakwepa jaribio, kisha akatafuta muhuri kijijini, na maombi wakayakataa.

"Wamekuuliza nani amesaini?" nikasema.

"Wameuliza kama ni mimi."

"Ukasema?"

"Nikasema sijui."

Alifunua wali, akautazama, akafunika. "Kuna siku saba za rufaa," alisema. Halafu akaniambia zamu ya maji ni yangu.

Hakuniomba. Hata siku moja katika zile saba hakunigeukia akaniomba, na mimi niliufanya ule ukimya wake kuwa kisingizio. Kusainia mtu ni kosa la kusimamishwa masomo, hilo lilikuwa kwenye kitabu cha kanuni ambacho tulipewa wote na hatukukifungua. Mimi nilikifungua usiku ule. Baba yangu alikuwa amestaafu. Mdogo wangu alikuwa ameacha kozi ya ufundi ili mimi niendelee. Niliyapanga hayo kichwani upande mmoja, na upande wa pili nikamweka yeye, kana kwamba vitu hivyo vinapimika kwenye mzani mmoja.

Siku ya tano nilikwenda kwa mlezi wa wanafunzi. Nilimwamkia, akaitikia, akanionyesha kiti. Nikasema nina swali. Kama mtu amemsainia mwenzake, na ile saini ikamponza mwenzake, mtu huyo afanye nini?

Alivua miwani ikaning'inia kifuani. "Mtu huyo ana jina?"

"Nauliza tu, mama."

"Basi na mimi nakujibu tu, mwanangu. Akija mwenyewe, akaandika kwa mkono wake, kosa lake linabaki kosa na ataadhibiwa. Lakini barua ya mwenzake itasomwa upya. Asipokuja, mimi sina cha kusoma."

Nikashukuru nikatoka. Siku ya sita niliandika barua. Ukurasa mmoja, tarehe, masomo, saa, kila saini niliyoikumbuka. Siku ya saba kikundi chetu kilikuwa na kazi ya kuwasilisha darasani. Ingeweza kufanyika bila mimi. Nilikwenda, niliwasilisha, nikabaki kujibu maswali ambayo hayakuwa yangu, nikasaidia kukunja chati. Nilifika mlangoni kwa mlezi saa kumi jioni, na mlango ulikuwa umefungwa. Nilijua ofisi ile inafungwa saa tisa na nusu. Nilijua tangu asubuhi.

Mwenzangu aliondoka Jumamosi. Mjomba wake alikuja kumchukua, mzee mfupi mwenye kofia ya kufuma. Nilimpa shikamoo, akaniitikia na kunishukuru kwa kumtunza mtoto wao. Alisema hivyo, kumtunza. Mwenzangu aliniachia jiko la gesi, ndoo mbili na nakala zote nilizompangia. Akiwa ameshabeba begi aligeuka, nikadhani sasa atalisema. Akasema nisisahau kumlipa mama mwenye nyumba sehemu ya maji.

*

Nilimaliza chuo, nikapata kazi hapa mjini katika ofisi inayoshughulika na mazao ya wakulima wadogo. Kazi yangu ni kuuliza watu na kuandika wanachosema. Nimezunguka vijiji vingi, na kila orodha ya safari iliyokuwa na Matombo nilimpa mwingine. Lakini baada ya binti wa dada kuniuliza lile swali, na mimi kukimbilia maharage, niliona siwezi kuendelea kuuza godoro na kodi kila mwaka na lile moja nimelikalia. Jumamosi iliyofuata nilikwenda. Barua niliitia kwenye mkoba. Nilikuwa nimeihifadhi kwenye faili.

Nilimkuta uani, anaanika pilipili manga kwenye mkeka. Amenenepa kidogo, ameanza kuvaa miwani. Alinitazama muda mrefu bila kuacha kuzisambaza kwa kiganja.

"Umechelewa," alisema. "Tungekutana juzi ungetusaidia kuchuma."

Akanipeleka ndani kumwamkia mama yake. Mama yupo, ameketishwa kwenye kiti chenye mito, anaongea kwa upande mmoja wa mdomo, na mwenzangu alikuwa akinitafsiria bila kumtazama, kwa mazoea ya miaka. Kisha tukatoka uani. Nikatoa barua. Aliisoma yote, hata tarehe, akaikunja kwenye mikunjo yake ya zamani.

"Mwandiko wako ni uleule," alisema. "Jina langu ulikuwa unaliandika vizuri kuliko mimi mwenyewe. Wale wazee walinipa karatasi nisaini mbele yao, wafananishe. Mkono ulikuwa unatetemeka. Yangu ikaonekana ndiyo ya kughushi, wakasema nimeipotosha makusudi."

Hilo sikuwa nalijua.

Nikamwambia kwamba anaweza kuomba nafasi upya, kwamba ninawajua watu wa kuuliza, kwamba ningelipia fomu. Nilikuwa nimepanga hayo yote njiani. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mama anageuzwa mara nne kwa siku," alisema. "Hapo utanisainia?"

Baadaye, akiwa anatazama mkeka, aliongeza jambo moja.

"Ile siku ya saba sikwenda kokote. Nilikaa pale kwa mama wa barafu mpaka kukawa giza. Nilikuwa nakusubiri urudi uniambie umekwenda."

Hakulisema kwa ukali. Aliinuka akasema kikundi chao cha wakulima wa viungo kina kikao saa nane na kama nataka nifuate, nisipotaka nikae na mama.

Kikao kilikuwa kwenye baraza la ghala lao la viungo, akina mama kumi na kitu na wazee wawili. Yeye ndiye katibu. Walizungumzia mnunuzi aliyetaka pilipili iliyokauka zaidi, na mzee mmoja akasema mnunuzi huyo aje yeye alianike jua. Watu wakacheka. Daftari la mahudhurio lilikuwa linapita mkono kwa mkono. Lilipomfikia mama mmoja mnene aliyekaa karibu na mlango, alisaini, kisha akainua kalamu.

"Katibu, namwandika na jirani yangu wa juu. Atakuwa njiani."

"Akifika ataandika," mwenzangu alisema.

"Ah, we naye. Mtu mwenyewe hakosi hata siku moja."

"Ndiyo maana. Acha wazi."

Yule mama aliguna, akasema huyu katibu wa chuo kikuu ana unoko, na wengine wakacheka tena. Mwenzangu alicheka nao. Daftari likarudi kwake lina mstari mmoja mtupu. Hakunitazama. Alilifunga, kikao kikaendelea, na yule jirani wa juu hakutokea.

Walipotawanyika alilitia daftari kwapani na kuniambia tunapanda kidogo. Nilijua tunakokwenda. Njia ilikuwa nyembamba, katikati ya migomba, na viatu vyangu vya mjini viliteleza. Yeye alikuwa mbele, hakunishika mkono, ila kila nilipobaki nyuma alisimama. Aliniambia kwamba mtindo ule aliuanzisha yeye na mwanzoni waliupinga. Asiyefika haandikwi, na baada ya kikao mtu mmoja anakwenda kumwona. Mara nyingi anakuta mtu yuko shambani, wanasalimiana, basi. Mara nyingine si hivyo.

Tuliifikia nyumba. Kuku walikuwa uani, ndoo ya maji imelala ubavu, jikoni hakuna moshi. Akapiga hodi. Hakuna aliyeitika. Akapiga ya pili, na ndani mtu akakohoa.

Yule mama alikuwa kitandani na homa tangu Alhamisi. Mtungi ulikuwa mkavu. Alipotuona alianza kuomba radhi kwa kukosa kikao, na mwenzangu akamwambia anyamaze, akakaa kitandani, akampandisha kichwa kwenye paja lake kwa ule wepesi wa mtu aliyegeuza mgonjwa mara nyingi. Daftari alinipa mimi nilishike.

"Kisima kiko nyuma ya migomba," aliniambia. "Kateke maji."

Nikaliweka daftari juu ya kigoda, nikaichukua ndoo.